Ngiri, wavu na mshono: nilivyopasuliwa katika hospitali ya umma ya kufundishia

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Kibanda changu kiko Uhuru Market na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Tangu 1994 wamepita mikononi mwangu wanagenzi kumi na mmoja. Tisa ni mafundi leo, wawili wako kwenye bodaboda. Natanguliza haya ili msomaji ajue anayesema ni nani. Udaktari siujui, lakini mshono naujua, na namjua mtu anayemfundisha mwenzake kazi kwa kitambaa cha mteja. Safari hii kitambaa kilikuwa mimi.

Hospitali yenyewe ni ya umma, ya kufundishia, mojawapo ya zile tulizo nazo hapa Nairobi. Jina nimeliacha makusudi, kwa sababu nina mabaya ya kusema na mengi ya mabaya hayo hayakufanywa na watu ninaotaka kuwasifu.

Ugonjwa ulikuwa ngiri ya kinenani, upande wa kulia. Wazee wetu huiita mshipa na hawaitaji mbele ya watoto. Yangu ilianza 2019 nikishusha jora la kaki kutoka kwenye mkokoteni: uvimbe kama limau, ukilala unarudi ndani, ukisimama unatoka kukuamkia. Miaka sita niliufunga kwa mkanda niliojishonea mwenyewe, wa denimu na sponji, na kamba ya kupita kati ya mapaja. Ulikuwa mkanda mzuri, nausifu hata leo. Daktari wa kwanza aliyeuona pale kliniki aliugeuzageuza, akasema, "Mzee, mkono unao. Lakini huu mkanda unakufanya usahau tu." Akanieleza kwamba ngiri ni tundu kwenye misuli ya tumbo ambamo utumbo hupenya, na siku utumbo utakaponaswa humo, damu haitapita, na hapo hakuna tena kupanga tarehe, ni masaa. Akaongeza kwamba ngiri ya aina hii humpata karibu mwanaume 1 kati ya 4 katika maisha yake, kwa hiyo niache kuificha kama mali ya wizi.

Hospitali moja ya kibinafsi mjini ilikuwa imenitajia shilingi 160,000. Nikarudi kwa serikali.

Nianze na dirisha la malipo, nilitoe moyoni. Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya afya ya serikali ilibadilika, NHIF iliondoka ikaja SHA. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara; sisi wa vibandani tunahojiwa kuhusu nyumba tunamokaa na maisha tunayoishi, kisha mtambo unatupigia hesabu. Mimi ulinipa 540 kwa mwezi. Nikalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 6,480, nikadhani nimemaliza. Siku ya kulazwa mtambo ukawa umelala. Nilikaa pale dirishani toka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, faili kwapani. Karani hakuwa mkali wala mpole. Alirudia "mtambo uko chini" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba usiomhusu.

Halafu likaja la wavu. Upasuaji umekubaliwa, lakini stoo ya hospitali haina wavu wa kuzibia tundu, basi nikapewa karatasi nikanunue duka la dawa nje ya lango. Shilingi 4,500. Fundi naye humwambia mteja alete kitambaa chake, sikatai, lakini humwambia siku ya kupimwa, si siku ya kushona. Mke wangu, Mama Salma, ndiye aliyekimbia kutafuta hizo pesa, kwa majirani wa sokoni, mimi nikiwa nimeshavua viatu.

Tarehe nilipewa tatu. Ya kwanza, mwezi wa tatu, nilifunga tangu usiku wa manane kama wa kuingia Ramadhani, na saa nane mchana nikaambiwa nile. Kulikuwa na ajali ya barabarani na waliopondeka wameingia thieta mbele yetu. Hiyo siilaumu. Ngiri inayorudi ndani inaweza kungoja, bandama iliyopasuka haiwezi. Ya pili ilivunjwa na mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, iliyokufa asubuhi hiyo hiyo. Hiyo nailaumu, kwa sababu sista mmoja aliniambia ilikuwa ikigugumia tangu wiki iliyotangulia, na cherehani inayogugumia kila fundi anajua mwisho wake. Ya tatu, mwezi wa saba, ndiyo iliyotimia.

Sasa wodini. Asubuhi ya kwanza walikuja watu tisa kwa mpigo, makoti meupe, daktari bingwa mbele na wanafunzi nyuma. Mmoja akaifunua shuka yangu hadi magotini bila kuniuliza. Miongoni mwao walikuwemo mabinti wa rika la wanangu. Mimi ni mtu mzima, naswali, nina wajukuu. Sikusema neno, na kunyamaza kwangu kuliniudhi kuliko ile shuka. "Kohoa, mzee." Nikakohoa. Mwingine akabonyeza: "Kohoa tena." Nilihesabu mara kumi na nne. Kufikia ya kumi nilikuwa nakohoa kwa kiburi.

Jioni alirudi peke yake kijana mmoja wao, yule wanayemwita rejistra. Ni daktari kamili tayari, ila yuko mwaka wa nne kati ya mitano ya kusomea upasuaji. Akavuta kiti. Nikamwambia habari ya shuka. Hakujitetea, alisema nilipaswa kuulizwa, na kwamba nina haki ya kukataa kuguswa na mwanafunzi yeyote na nikatibiwa vilevile. Kesho yake pazia lilivutwa kwanza, na kila mwanafunzi alisema jina lake na kuomba ruhusa. Niliwaruhusu wanne, nikawakataa wawili, ili nione. Kweli, waliokataliwa walishukuru wakaondoka.

Huyu kijana ndiye aliyenifanya niandike. Nilimuuliza huo wavu wa 4,500 unashonwaje, akachora nyuma ya fomu ya maabara. Zamani, akasema, kuanzia kwa Mwitaliano Bassini miaka ya 1880, kingo za tundu zilivutwa zikakutanishwa kwa uzi. Nikamkatiza: hiyo ni kufuma kitambaa kilichochakaa kwa kukivuta, kitachanika pembeni mwa mshono. Akacheka, akasema ndivyo ilivyokuwa ikitokea, mpaka wenzao wa Los Angeles, Lichtenstein na wasaidizi wake, walipochapisha mwaka 1989 njia ya kuweka wavu juu ya tundu bila kuvuta chochote. Kiraka! Kiraka kipana kuliko tundu, kilichokaa kwa ulegevu. Alikata karatasi kunionyesha jinsi mkia wa wavu unavyopasuliwa ili ukumbatie ile kamba ya mishipa inayoshuka kwenye korodani, nami nikamwonyesha kwamba alivyokata pangekunja. Ukipasua mpaka mwisho bila kuacha duara, kitambaa kinabana shingo. Akakata upya. Tuliketi hivyo robo saa, wazee wawili wa vitanda vya jirani wakitoa maoni.

Akanisimulia pia jambo la Uganda. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa nchi hiyo kwa wanaume 302 wenye ngiri kama yangu: wengine wavu wa kiwandani wa bei kali, wengine wavu uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua cha mbu na kutakaswa. Baada ya mwaka, kwa wa chandarua ngiri ilimrudia mtu 1. Kwa wa kiwandani hakuna. Tofauti hiyo si kitu. Nikamuuliza, kama ni hivyo, Mama Salma alikopa 4,500 ya nini? Akakuna kichwa. Akasema anayefanya utafiti na anayesaini manunuzi ni watu wawili, hawakai meza moja. (Mtu asithubutu kukata chandarua cha nyumbani akampelekea daktari. Niliuliza. Ni lazima kitakaswe kwa mtambo na kwa joto lake maalumu, kikizidishiwa kinaharibika.)

Thieta nilikuwa macho. Walinidunga sindano ya mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa jora la kitambaa cha mtu mwingine. Pazia la kijani mbele ya kidevu, dari, na sauti. Kabla ya hapo mtu alikuwa amenichora mshale kwa wino upande wa kulia, nikaridhika, maana hutii mkasi kitambaa kisichopigwa chaki. Kisha wote wakasimama, kila mmoja akataja jina na kazi yake, wakasoma jina langu, ugonjwa wangu, na upande. Sista akauliza kwa sauti kama wavu umo ndani ya chumba. Umo, bila shaka, nimeununua. Baadaye niliambiwa huo ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, na kwamba ulijaribiwa katika hospitali nane za mataifa mbalimbali, moja ikiwa Ifakara hapo Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa kutajana majina na kuulizana tu.

Profesa alikuwepo. Simaanishi alipita. Alisimama upande wa pili wa meza mwanzo hadi mwisho, na aliyeshika kisu ni rejistra. Walizungumza Kiingereza kikichanganyika na Kiswahili; nitayaweka kwa lugha yetu.

"Hapa umefika wapi?"

Kijana akataja tabaka.

"Na neva iko wapi?"

Kimya. Nilisikia mashine ikipiga mapigo ya moyo wangu, na naapa iliongeza kasi.

"Usikate usichokijua. Itafute."

Ukapita muda. Nikasikia "hii hapa", kwa sauti ndogo. Profesa akaguna. Wakaendelea. Mahali fulani ile sauti ya kawaida ikakatika: "Ngoja. Nipe." Dakika mbili, tatu, hakuna aliyezungumza, vyuma tu vinagongana. Kisha: "Shika. Endelea ulipoachia."

Nilitamani kuinuka nimpe mkono. Thelathini na zaidi, miaka ninayofundisha kazi, na kitu kigumu kuliko vyote ni hicho cha kurudisha mkasi. Kuunyakua ni rahisi, kila mtu huunyakua. Kuna fundi asiyempa mwanagenzi kitambaa hata siku moja, anamfagiza miaka miwili. Kuna anayempa kitambaa akaenda kunywa chai. Huyo nimewahi kuwa mimi, mwaka 2003, koti la bwana harusi, kola ikatoka kama sikio la mbuzi, nikalilipa kwa pesa zangu. Yule mzee alisimama, akanyakua, akarudisha, na sauti yake haikupanda hata mara moja.

Kesho yake kwenye raundi nikamuuliza mbele ya wanafunzi wake wote: Prof, kwa nini hukumalizia wewe ulipokwisha kushika? Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, mimi nastaafu mwaka kesho kutwa. Na wewe una upande wa kushoto bado."

Hapo niseme kidogo kuhusu vyeo, maana niliwasikia wakimwita daktari bingwa mwingine "Mista" nikadhani wanamshusha. Kumbe ni heshima. Desturi ya Uingereza: zamani wapasuaji hawakuwa wasomi wa chuo kama matabibu, walijifunza kazi kwa kukaa na fundi, na London walikuwa chama kimoja na vinyozi mpaka 1745. Jina la Mista likabaki, wakajivunia. Na hata leo njia ni mbili, kama kwetu ambako kuna aliyetoka chuo cha ufundi na kuna aliyekulia kibandani, wote wakakutana kwenye gredi testi, mtihani wa serikali wa ufundi. Kuna wanaosoma shahada chuo kikuu (Nairobi ina shule ya udaktari tangu 1967, kabla ya hapo vijana wetu walikwenda Makerere), na kuna wanaofunzwa ndani ya hospitali zenyewe chini ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999. Rejistra wangu ni wa njia ya kwanza, na karo anajilipia mwenyewe huku akikesha zamu. Mwanagenzi wangu hunilipa ada ya miezi sita na hulala usiku.

Mshono wa ngozi sasa. Huo hakuushona rejistra. Alimwachia intani, daktari mpya aliye bado kwenye mafunzo ya kazi, binti mwembamba aliyekuwa ameshika ndoano ya kuvutia kingo za kidonda muda wote, naye rejistra akasimama pale aliposimama profesa. Nyuzi tisa za nailoni, kila mmoja na fundo lake. Nimeukagua kwenye kioo kwa mwanga wa dirisha, nikiwa na miwani ya kazi. Wa kwanza hadi wa tatu umebana mno, ngozi imekunjamana. Wa nne umeanza kuelewa. Kuanzia wa sita ni mshono wa fundi, nafasi sawa, mafundo yote upande mmoja. Unaweza kusoma kidole kwa kidole binti alivyojifunza juu ya tumbo langu. Ingekuwa sare ningemfumulia mitatu ya mwanzo. Kidonda kimepona kikavu, hakikutunga usaha, na hiyo ndiyo pasi ya kweli.

Siku ya kumi nilirudi kutolewa nyuzi na nikamkuta yeye mwenyewe. Akauliza, "Mzee, unaionaje?" Nikamwambia kama ninavyowaambia wangu: uzi hauvutwi mpaka ukaze, unavutwa mpaka kingo ziguse. Akayaandika kwenye kijitabu. Wiki iliyofuata nilimpelekea nusu mita ya kaki na vipande vya ngozi ya viatu afanyie mazoezi. Sista wa kliniki akaniuliza mbele ya foleni nzima kama hiyo ni hongo, na ni ya nini, wakati nimeshapasuliwa.

Kuhusu alama. Thieta na wodi nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ile shuka. Chakula cha wodini ni sukuma na ugali, kula uishi, sina zaidi. Dirisha la malipo nyota moja, na ni kwa sababu kiti chake hakikuvunjika.

Anayekwenda achukue vikoi viwili, suruali haikaliki wiki mbili za mwanzo. Apige nakala tano za kitambulisho. Aulize mapema, siku ya kliniki, vitu gani stoo haina. Na akiambiwa atapasuliwa na anayesoma, asihamaki kama alivyohamaki shemeji yangu, aliyetaka nikimbie usiku. Swali ni moja: mkubwa wake atakuwa ndani ya chumba, au kwenye simu? Mimi nililiuliza wakati wa kusaini fomu ya idhini, na rejistra akaniandikia jina la profesa pembeni bila kuvuta pumzi. Asiyeweza kukujibu hilo, hapo rudisha kalamu.

Bado kuna jambo moja halijaisha. Nilikubali kuingia kwenye utafiti wa rejistra, ndio wa kumalizia masomo yake. Anafuatilia wanaobaki na maumivu baada ya ngiri kushonwa, kwani takriban mtu 1 kati ya 10 huendelea kuumwa kwa miezi, na mara nyingine ni ile neva iliyotafutwa nikisikiliza. Anapiga simu mwenyewe. Ya wiki sita aliniuliza maumivu ni ngapi kuanzia 0 hadi 10. Nikasema 3, nikikanyaga cherehani ya miguu. Ya miezi mitatu nikasema 1, asubuhi za baridi tu. Akauliza kama naweza kuinua jora. Naweza, lakini siku hizi namwinulisha mwanagenzi. Simu ya miezi sita inatakiwa mwezi wa kwanza. Akinipigia nitarudi kuandika hapa nimemjibu nini.